Gari Lililolala Uani

Nikirudi safari, kabla sijavua hata viatu, natupia vidonge vitatu vya nafthalini ndani ya sanduku, nalifunga, nalipandisha juu ya kabati. Mimi ni mfanyabiashara wa mabegi na mapazia pale Kariakoo. Mara tatu au nne kwa mwaka nafuata mzigo ng'ambo, na sanduku langu ndilo pekee katika nyumba yangu linalojua kupumzika. Mwezi uliopita nililishusha, nikalifungua, harufu ikanipanda puani. Unaijua ile harufu, ya ubaridi wa uongo, inayokaa kooni kama dawa uliyosahau kuisukuma kwa maji. Wengi inawakumbusha kabati la bibi na kanga za harusini. Mimi inanikumbusha gari. Nilikaa kitandani sanduku likiwa wazi mbele yangu, na nguo zikabaki hazijapangwa mpaka adhana ya alasiri.

Kuna kosa nililifanya nikiwa na miaka kumi, na kwa muda mrefu sana sikumwambia mtu. Nakwambia wewe kwa sababu hatujuani.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Mchikichi, hapohapo Kariakoo, kwenye nyumba ya Bibi mzaa baba, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na ua nyuma. Vyumba vinne walikaa wapangaji, kimoja Bibi na mimi, kimoja Baba akiwepo. Mama alifariki nikiwa na miaka minne. Namkumbuka mikono tu, na kibakuli cha bati cheupe chenye ukingo wa buluu alichokuwa akininyweshea uji. Kile kibakuli kilibaki changu. Vyombo vingine vyote vya nyumba ile Bibi alivijua idadi, na kijiko kikipotea nyumba nzima hailali, lakini kile hakuna aliyekigusa.

Baba alikuwa dereva wa wageni. Alikuwa na gari lake mwenyewe, refu, la rangi ya maziwa yaliyokaa siku mbili, ambalo wazungu wawili walikuwa wameliendesha kutoka kwao mpaka Dar wakachoka nalo, wakaliacha mikononi mwake. Ndani lilikuwa nyumba kamili. Kitanda kilikunjwa mchana kikawa viti, meza ilining'inia ukutani ukiivuta inashuka, kulikuwa na jiko la gesi la mafiga mawili, tangi la maji, karo ya kuoshea vyombo ndogo kama sahani, na mapazia. Baba aliwapeleka wageni wanaopenda kuangalia ndege, Ruaha, Katavi, huko kote, wiki tatu, wiki nne. Bibi hakuamini kwamba mtu mwenye akili zake anaweza kuvuka bahari kuja kutazama kwenzi. Wapangaji waliliita gari lile Gesti, na vijana wa mtaani wakaongeza kuwa ni gesti bubu, wakacheka, nami nikacheka nao bila kujua ninachekea nini.

Ili liingie uani, Baba alivunja ukuta wa nyuma unaopakana na uchochoro akaweka geti la mabati. Kamba za kuanikia nguo zikahamishwa, jiko la mkaa likasogezwa, na mwanamke wa chumba cha tatu, Mama Rehema, akawa anapita ubavu ubavu kwenda msalani akilitukana gari kwa sauti ya chini. Lakini hakuna aliyelalamika mbele ya Baba. Alikuwa mtu mpole ambaye haji mara kwa mara, na mtu wa namna hiyo watu humwonea haya.

Safari zilisimama masika. Barabara za bara zinageuka tope, wageni hawaji, na gari linabaki uani kuanzia Machi mpaka mvua ikate. Hapo ndipo Baba alipolilaza. Neno lake lilikuwa hilo. Alisema gari la namna ile haliegeshwi, linalazwa, kwa utaratibu, kama mtoto, la sivyo utaamka ukute mzoga. Alifungulia tangi maji yote yamwagike, na akina mama wakayakinga kwenye ndoo wafulie. Alitoa magodoro akayaanika juani mchana mzima akiyageuza. Alichomoa waya wa betri akaufunga kitambaa. Aliliinua kwa jeki akaweka magogo ili matairi yasibonyee upande mmoja. Kisha alipangusa kila droo, akaweka karafuu pembeni na vidonge vya nafthalini chini ya magodoro, akapiga magoti na tochi kutafuta punje ya wali.

Punje moja tu. "Kariakoo panya ndio wenye nyumba," aliniambia kila mwaka, "sisi wapangaji." Na masika ndiyo msimu wao. Bonde la Jangwani likijaa maji wanapanda huku kwetu na familia zao, wanene, hawana hofu na paka wala mtu. Mle ndani hakuingizwi chakula, hata pipi. Baada ya hapo lilifunikwa turubai, kamba zikafungwa, na uani kukawa na kitu kikubwa cha kijani ambacho watoto wa wapangaji waliogopa kukipita wakati wa magharibi.

Kazi moja alinipa mimi. Kila Ijumaa baada ya swala niinue pindo la turubai, niingie, nifungue madirisha saa nzima ndani kupate hewa, nipitishe kiganja kwenye kuta kuona kama kuna unyevu, nifunge, nitoke. Alinikabidhi ufunguo kwenye uzi. Alisema Bibi miguu haimruhusu na wapangaji hawaaminiki. Mimi niliuvaa ule ufunguo shingoni mpaka chuo cha Kurani, juu ya baibui, na mwalimu akauliza kama nimekuwa karani.

Sasa elewa hali yangu. Watu wa Jangwani mvua ikinyesha walikuwa wanabeba magodoro kichwani, na mimi Mchikichi nilikuwa naomba iongezeke. Nikiisikia kwenye bati nilijua Baba yupo. Mchana alikwenda mtaa wa Gerezani kuwasaidia mafundi wa magari, lakini magharibi ilimkuta nyumbani, akila, akikohoa, viatu vyake vikiwa mlangoni. Hatukuzungumza sana. Bibi alikuwa akisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na siku ya tatu kweli alimpa kazi, apake chokaa, azibue mtaro, nami nikakaa kwenye kizingiti kumtazama. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yangu ya mwaka. Mvua ikikata alivua turubai, akafunga safari, na nyumba ya watu kumi na tisa ikawa haina mtu. Sijui kama mtoto wa miaka kumi anaruhusiwa kusema alikuwa mpweke. Nilikuwa mpweke, ingawa neno lenyewe sikulijua.

Mwaka ule nilikuwa namaliza msahafu. Kwetu mtoto akihitimu ni sherehe. Chuo kinafungwa, mtoto anavaa nyeupe, anakaa kwenye mkeka mbele ya watu anasoma sura za mwisho, wazazi wanasikiliza, pilau linapakuliwa. Wenzangu watatu walikuwa wamehitimu kabla yangu, na kila mmoja nilimwona baba yake amekaa mstari wa mbele, kofia imesimama, akijifanya hana fahari. Mwalimu alipotaja siku yangu, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita, nilikimbia kutoka chuoni mpaka nyumbani kandambili mkononi. Baba alikuwa uani anaosha mikono. Nilimwambia. Akahesabu kwa vidole vyenye povu, kisha akasema wageni wake wanaingia Alhamisi ya wiki ileile, na Ijumaa alfajiri wako njiani.

"Bibi yako atakuwepo," alisema.

Alisema kwa upole kabisa, huku anajifuta mikono. Mimi nikasema haya, Baba. Nikaingia ndani, nikajilaza kifudifudi kwenye kitanda cha Bibi, nikakasirika mpaka masikio yakauma.

Wazo halikuja siku ile. Lilikuja Ijumaa iliyofuata, nikiwa ndani ya Gesti peke yangu, madirisha wazi, turubai limenifanyia giza la kijani. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kilicho kitanda, nikitazama meza iliyokunjwa, ndipo nikakumbuka kwamba Baba haogopi simba wala tope, anaogopa punje ya wali. Jumamosi nikaingia na ukoko. Jumapili nikaona vyombo vya Bibi havitoki jikoni bila kuulizwa, basi nikachukua kibakuli changu, nikatia dagaa na kipande cha mkate, nikakisukuma chini ya kiti mpaka mwisho. Kesho yake nikakikuta kitupu, kimelambwa. Nikakijaza tena.

Nililisha panya wiki tatu. Naandika hivyo wazi ili usidhani ilikuwa utundu wa siku moja. Niliwabakizia chakula changu, niliokota karanga zilizomwagika kwenye magunia ya sokoni, na siku moja niliwapa sambusa nzima niliyokuwa naitamani mwenyewe. Mwanzo waliponisikia walikimbia. Baadaye hawakukimbia tena, na mimi nikaanza kukaa pale nikiwasomea sura zangu kwa sauti ndogo ili nisizisahau. Ukiniuliza, wale ndio walionisikiliza mara nyingi kuliko mtu yeyote. Sikutaka gari life. Nilitaka wagugunegugune kidogo, lichelewe siku mbili tu, Ijumaa na Jumamosi, kisha liende salama. Mtoto hudhani uharibifu unapimwa kwa kijiko.

Jumanne ya wiki yenyewe Baba alivua turubai. Nilisimama mlango wa ukumbini nimeushika ule ufunguo. Alifungua mlango wa gari, akarudi nyuma hatua moja, akafunika pua. Nafthalini ilikuwa imeshindwa. Alichomeka waya wa betri, akajaribu, kimya, akajaribu tena. Akaagiza Fundi Salehe aitwe kutoka Gerezani, na Fundi alipofika akabandua mbao za pembeni, akavuta waya zikaja mikononi mwake vipande vipande, zimemenywa kama miwa. Ndani ya godoro kulikuwa na tundu, na mle tunduni kulikuwa na watoto saba wekundu wasiofungua macho. Mama Rehema alipiga yowe. Bibi akasema ni husuda, kuna mtu ametupia jicho, na akaenda kutafuta ubani.

Baba hakungoja ubani. Aliingia ndani peke yake, akapiga magoti na tochi yake, akakaa humo muda mrefu. Mimi nilibaki pale mlangoni nikijua kwamba kibakuli kiko chini ya kiti, na kwamba hakuna mahali duniani pa kukimbilia. Alipotoka alipita mbele yangu, uso hauna kitu, akaenda barazani, na hakuniangalia.

Fundi alipoondoka na Baba akatoka kwenda kuwatafutia wageni gari lingine, niliingia mbio. Nikaingiza mkono chini ya kiti mpaka bega. Hakuna kitu. Nikatafuta kila droo. Nikaenda jikoni, na pale kwenye kichanja cha vyombo kibakuli changu kilikuwa kimefunikwa kifudifudi katikati ya sahani za Bibi, kimeoshwa, kinachuruzika maji. Nilijiambia Bibi alikiokota mahali siku nyingine, au labda sikukiweka siku ile ya mwisho. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya mtu anayejidanganya mwenyewe inaweza kwenda miaka.

Baba alikuja kwenye sherehe yangu ya kuhitimu. Wageni walichukuliwa na dereva mwingine, naye Jumamosi akavaa kanzu iliyopigwa pasi na Bibi, akakaa mstari wa mbele. Nilisoma. Sauti ilitetemeka mwanzoni kisha ikanyooka, na mwalimu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilipoinua macho nikaona Baba anajifuta machozi kwa kona ya kilemba alichojitupia begani. Watu wakasema masha'Allah, baba analia kwa furaha. Mimi nilijua analilia gari. Pilau lilikuwa zuri, waliniambia, kwa maana sikuweza kulimeza.

Wiki mbili baadaye nilirudi kutoka shule nikakuta ua mtupu. Gesti ilikuwa imeuzwa. Palibaki magogo manne na doa la mafuta lililochukua umbo la gari zima. Bibi alirudisha kamba zake za nguo siku ileile, Mama Rehema akatembea kifua mbele, na Baba akaanza kazi ya kudumu Gerezani, kwenye duka la vipuri. Sikuuliza limeuzwaje. Niliamini limeuzwa kama chuma chakavu na kwamba aliyeliua ni mimi.

Basi nikawa nimepata nilichokitaka. Kila siku magharibi viatu vyake vilikuwa mlangoni, masika na kiangazi. Ila alizoea kuchukua kiti chake akakiweka uani, palepale kwenye doa, akakaa na kikombe cha kahawa akitazama geti la mabati. Mimi nilikaa kwenye kizingiti nikimtazama yeye. Nilitamani kwenda kukaa karibu yake, lakini kila nikitaka kuinuka nakumbuka dagaa. Nilidhani ameninunia bila kujua amemnunia nani. Hivyo tukaishi, siku kwa siku, hatua sita kati yetu, mpaka nikawa binti mkubwa, nikaolewa, nikahamia Magomeni.

Bibi alifariki. Nyumba ikauzwa wakagawana warithi, na sasa pale pana ghorofa saba, na nadhani ule ua wetu ndio mlango wa maduka ya simu. Baba alijenga Kigamboni. Ana chumba, ukumbi, na michungwa miwili anayoisimamia kama mafundi.

Siku ile ya sanduku sikupanga nguo. Niliacha kila kitu, nikaenda Magogoni nikapanda kivuko. Nilimkuta barazani. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, akataka kujua nasafiri lini, nikamwambia keshokutwa. Kisha nikasema bila kujitayarisha, nikitazama michungwa, kwamba wale panya niliwalisha mimi.

Hakugeuka.

"Kile kibakuli nilikiosha mimi," alisema. "Kilikuwa kinanuka dagaa. Bibi yako angekiona angekuua."

Nilimwuliza kwa nini hakusema, hata mara moja, hata kunichapa. Alisema siku ile alipomulika chini ya kiti alikaa chini kabisa, kwa sababu kibakuli kile alikinunua yeye na mama, dukani hapohapo Kariakoo, mimi nikiwa bado tumboni. Mama alipoondoka, nyumba ilimshinda. Kila akiingia uani alimsikia. Barabarani hakumsikia, basi akawa anakwenda barabarani. Na mimi, alisema, alinihesabu kuwa ni wa Bibi, nimeshapata mlezi, nakula, nasoma, sina haja na mtu anayenuka dizeli.

"Nilipokiona ndio nikajua," alisema. "Kumbe nina mtu nyumbani."

Na gari? Gari lilikuwa zima. Fundi Salehe alimaliza waya kwa siku nne, na mnunuzi kutoka Morogoro aliliondoa uani likiunguruma, mimi nikiwa shule. Angeweza kuwafuata wageni wengine mwezi uleule. Aliuza tu. Nilimwuliza basi kwa nini alikuwa anakaa pale kwenye doa kila jioni miaka yote ile, kama halikuwa gari alilokuwa akililia.

Aligeuka, akanitazama kwa mshangao wa kweli, mzee wa miaka sabini na kitu.

"Nilikuwa nakungoja wewe uje ukae," alisema. "Mbona hukuja?"